Amina ya Yeremia

Watu wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo walimwita Mwalimu Sixte, ingawa chaki yake ilibaki Burundi mwaka wa sabini na mbili, siku alipokimbia akiwa na shati moja na mke mjamzito. Huku Tanzania alikuwa mkulima wa mahindi na maharage kama wenzake, na Jumapili alikuwa katekista wa kigango. Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu yake ikitangulia mwili anapotembea, na alikuwa na tabia ya kusafisha koo kabla ya kusema lolote, hata akiwa anaomba chumvi mezani. Majirani walimpenda. Walichoshindwa kukielewa ni nyumba yake.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, nayo ilikuwa imelala upande wa magharibi kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Wenzake waliohamishwa naye kutoka makazi ya Ulyankulu, wakagawiwa pori wakalifyeka, walikwisha kuchoma matofali zamani. Sixte yeye kila kiangazi alikanda udongo akaziba nyufa, na kila kiangazi mkewe Athanasie alimwuliza swali lile lile.

"Baba Edina, mwaka huu tufyatue matofali?"

"Tufyatue matofali, na sisi tuko njiani?"

"Njia gani hii ambayo Edina kazaliwa, kakua, kaolewa, na bado hatujafika?"

Sixte alisafisha koo, akarudi kwenye nyufa zake. Hakuna mwenye akili anayejenga nyumba ya matofali kando ya barabara, ndivyo alivyoamini. Hata mche wa parachichi alioletewa na jirani aliukataa kwa adabu. Parachichi huchukua miaka kuzaa. Angeupanda, angekuwa amekiri kitu ambacho hakuwa tayari kukikiri.

Mtu mmoja tu alikubaliana naye, Damiano, kaka yake Athanasie. Sixte alimwita muramu, yaani shemeji kwa Kirundi, na Damiano naye alimwita vivyo hivyo. Damiano alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Jumapili baada ya ibada walikaa wawili kwenye gogo nyuma ya kanisa, wakaanza kupanda kwa maneno vilima vya kwao juu ya Rumonge: hapa kwa fulani, pale kwenye michikichi ya fulani, kona ile ambayo ziwa linaonekana ghafla. Wakifika kwenye ile kona, Damiano alinyamaza, na Sixte alimpiga bega taratibu. Kisha walirudi kwenye nyumba zao za udongo, kila mmoja akiwa ameridhika.

Mwaka wa tisini na moja, baada ya mavuno, makatekista waliitwa Mpanda mjini kwa semina. Sixte alipata kibali kwa mkuu wa makazi, akadandia lori la mahindi, akafika akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyeji wao alikuwa Padre Sylvanus, Mfipa mnene asiyeweza kumaliza mahubiri bila kuchekesha. Siku ya mwisho ya semina padre alimshika Sixte mkono, akampeleka kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mapadre.

Humo mlikuwa na kabati. Padre mmoja mzee, Mbelgiji, alikuwa ameliacha alipostaafu na kurudi kwao. Lilijaa vitabu vinene vya Kifaransa, vile ambavyo wataalamu huandika kufafanua Biblia mstari kwa mstari: neno hili kwa Kiebrania lina maana gani, mji huu ulikuwa upande gani, wakati huo mfalme alikuwa nani, na kwa nini mtaalamu huyu hakubaliani na yule.

"Nyie watu wa Burundi mmesoma Kifaransa," Padre Sylvanus alisema. "Mimi nilisoma Kiingereza na Kilatini. Hivi vinanitazama tu, na mimi navitazama tu."

Sixte alifungua kimoja akasoma sentensi moja kwa sauti. Mdomo ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akaisoma tena. Mara ya tatu ilianza kuteleza, na macho yake yakajaa machozi, maana alijisikia kijana wa seminari ndogo, mwenye kola safi, akisimama kujibu darasani.

"Chukua vya manabii," padre alisema.

"Kwa nini vya manabii, Padre?"

"Kwa sababu viko rafu ya chini, na mchwa wameshafika hapo."

Akavisafirisha kwenye gunia la maharage, akilipakata njia nzima. Utingo alipomwambia aliweke chini, alijibu kwamba ni mayai.

Tangu hapo, kila alasiri akitoka shambani, Sixte alinawa mikono mpaka viwiko, akakaa kwenye kigoda upande wa ukuta wenye kivuli, Biblia ya Kirundi kwenye goti la kushoto, ya Kiswahili kwenye goti la kulia, na kile kitabu kinene juu ya ndoo iliyofunikwa ubao. Alisoma kwa kidole. Maandishi madogo ya chini ya ukurasa aliyasoma kwa kidole na kwa midomo. Athanasie aliwaambia majirani kisimani kwamba mumewe ameoa mke wa pili, tena mke mwenyewe ana maneno mengi.

Lakini alikuwa akisema hivyo kwa kucheka, maana mumewe alikuwa amechangamka. Wakati wa chakula alimsimulia Amosi, mchungaji aliyetoka kijijini kwenda kuwagombeza matajiri wa mjini. Alimsimulia Hosea na mke wake msumbufu aliyemtoroka. "Na yeye akamrudia?" Athanasie aliuliza, na Sixte alisema, "Akamrudia," na Athanasie alitikisa kichwa, akamwongezea ugali.

Siku zikapita hivyo mpaka akafika kwa Isaya, na hapo furaha ikakatika.

Mtaalamu aliandika, pasipo hata kuomba radhi, kwamba kuanzia sura ya arobaini anayesema si Isaya tena. Isaya wa Yerusalemu alikuwa amekwisha kufa zamani. Huyu ni mtu mwingine, aliyeishi zaidi ya miaka mia moja baadaye, na jina lake halijulikani. Sixte alikifunga kitabu. Siku iliyofuata hakukifungua. Wiki iliyofuata alikaa kwenye kigoda kile kile akinoa jembe ambalo lilikuwa limekwisha kunolewa.

Athanasie alikuwa anapepeta maharage. Alimwacha anoe, kisha akamwuliza.

"Leo pia husomi?"

Akasafisha koo. "Wamempasua Isaya."

"Nani kampasua?"

"Wataalamu. Wanasema si mmoja. Yale maneno ya kuwafariji watu, yale niliyoyasoma tulipomzika mama yako, wanasema Isaya hakuyasema."

"Kayasema nani?"

"Hawajui. Mtu fulani tu. Mmoja wa wale waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, akaishi huko huko."

Ungo ukasimama. "Mkimbizi?"

Sixte alifikiri. "Kama mkimbizi."

"Basi mimi namsikiliza huyo zaidi," Athanasie alisema, na ungo ukaanza tena kurukaruka. "Isaya alikuwa mtu wa mji mkuu, anakula na wafalme. Atajuaje mambo ya watu waliofukuzwa kwao?"

Sixte alinyanyuka, akafuta vumbi kwenye jalada, akaanza upya sura ya arobaini. Sasa kila neno lilimjia kwa sura nyingine. Aliyekuwa akisema naye ni mtu aliyekaa kwenye kigoda cha ugenini, watoto wake wakicheza kwa lugha ya watu wengine, jangwa lote limelala kati yake na nyumbani, akawaambia wenzake kwamba barabara itanyooshwa. Hakuandika hata jina lake chini. Sixte alilia kidogo, akajifanya ni moshi wa jikoni, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Jumapili aliwaeleza waumini. Wazee wawili walinung'unika. Damiano alisimama pale pale kwenye safu ya kwaya.

"Muramu, ukiendelea hivi mwakani utatuambia Musa nao walikuwa wanne!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Sixte naye alicheka. Hakumwambia kwamba kitabu kingine, ambacho bado kilikuwa kwenye kabati la Mpanda, kilisemekana kusema karibu hivyo hivyo.

Mwaka wa tisini na tatu alikuwa amefika kwa Yeremia. Ile barua ambayo nabii aliwaandikia watu wa Babeli aliijua tangu utoto, lakini siku zote alikuwa akiipita mbio ili afike pale penye ahadi ya kurudishwa. Kitabu kilimshika mkono kikamwambia apunguze mwendo. Kilimwonyesha kwamba kabla ya ahadi kuna amri: wajenge nyumba wakae humo, wapande bustani, waoze watoto, na wauombee mji uliowachukua mateka. Lile neno la Kiebrania tunalolitafsiri amani, mtaalamu alisema, ni pana kuliko kutokuwepo vita. Ndani yake mna afya, mvua ya kutosha, zizi lenye ng'ombe na jirani mwema. Na ile miaka sabini ya kukaa Babeli si ya kuhesabu kwa vidole. Ni umri wa mtu. Waliosikia barua ikisomwa walielewa kwamba wao hawatarudi. Watarudi wajukuu.

Hapo Sixte aliinua macho. Aliitazama nyumba yake iliyoegama, kisha akautazama mgongo wa mkewe aliyekuwa ameinama kwenye vitunguu, na akaona kwamba mgongo ule haukuwa tena wa msichana aliyekimbia naye. Alihisi kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe iliyochelewa posta.

Na ndipo, kama kwa kejeli, redio ikaanza kuleta habari njema. Mwezi wa sita Burundi walipiga kura. Mwezi wa saba waliapisha rais mpya, naye alisema waliokimbia warudi nyumbani. Mishamo nzima ilitoka nje ya nyumba. Watu walicheza ngoma mchana kweupe, maharage yakaachwa bila kupurwa. Jumapili hiyo, kabla ya baraka ya mwisho, Damiano alitoka kwenye kwaya akasimama mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi si nabii. Lakini nimeomba, na Mungu ameweka neno moyoni mwangu. Mahindi ya msimu ujao tutayapanda kwetu. Nira imevunjika!"

Vigelegele vilitikisa mabati ya kanisa. Sixte, aliyekuwa amesimama pembeni na kitabu cha sala, alikifunga taratibu. Maneno yale ya nira iliyovunjika alikuwa ameyasoma Alhamisi. Yalikuwa ya Hanania, nabii aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili mateka wote watakuwa wamerudi, akaivunja nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utawala wa Babeli, mbele ya watu wote. Damiano hakuwa ameisoma sura ile. Aliyasema tu, kwa furaha.

Walipoketi kwenye gogo lao nyuma ya kanisa, Damiano alikuwa bado anahema.

"Muramu, mbona hukupiga makofi? Wewe, kati ya watu wote! Ni nani amesubiri kuliko wewe?"

"Hakuna," Sixte alisema.

"Basi tuondoke pamoja. Nimeshaongea na mwenye lori. Mwezi wa nane tuko Kigoma, kutoka hapo ni kuvuka tu."

Sixte alisafisha koo mara mbili. Moyo wake ulikuwa tayari umepanda lori. Kwenye kile kitabu kulikuwa na jambo lililomkaa kichwani: Hanania aliposema habari yake njema, Yeremia hakumwita mwongo. Alijibu, Amina, Bwana afanye hivyo. Watu wengi husoma ile Amina kama dhihaka, mtaalamu aliandika, lakini yeye aliiona ya kweli. Yeremia aliwapenda watu wake, na hakuna aliyetamani zaidi yake kwamba Hanania awe sahihi. Alichosema tu ni kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Na nira ilipovunjwa, hakubishana. Aliondoka akaenda zake, kwa sababu saa ile hakuwa na neno.

"Amina, muramu," Sixte alisema. "Bwana afanye hivyo. Nasema kwa moyo wangu wote."

"Kwa hiyo unakuja!"

"Nitafyatua matofali."

Damiano alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Matofali? Miaka yote hii tuko njiani, na siku mlango umefunguliwa ndipo unafyatua matofali?"

"Ukifika na ukaona ni salama, niite, nitakuja hata kwa miguu, matofali nitaacha. Lakini Yeremia..."

"Yeremia!" Damiano alisimama. "Yeremia wa Wazungu! Umekaa na vile vitabu mpaka umesahau harufu ya kwenu."

Akaondoka. Sixte alibaki kwenye gogo peke yake, akajifunza jinsi inavyokuwa mtu kukosa neno.

Jumatatu asubuhi Athanasie aliamka akamkuta mumewe kwenye kichuguu, amevua shati, anachimba udongo mwekundu. Aliweka ndoo chini.

"Baba Edina, unaumwa?"

"Leta maji," Sixte alisema. "Na ule mche wa parachichi, jirani bado anao?"

Athanasie hakuuliza zaidi, kwa kuogopa kuiamsha ndoto. Alileta maji ndoo kwa ndoo, akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, na mchana alipodhani hasikiki aliimba. Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba, kwa kuwa nyumba ya pili kaka yake alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa akitoka kwenye tope la matofali anakwenda kumsaidia wifi yake Helena kukunja mikeka, kisha anarudi kwenye tope. Siku lori lilipoondoka, Athanasie alilia hadharani. Damiano alimkumbatia dada yake. Kwa Sixte alinyoosha mkono tu, bila kumtazama, na lori likang'oa nanga.

Tanuri lilichomwa, kuta zikapanda. Mwezi wa kumi, Sixte akiwa juu ya ngazi akipima usawa wa dirisha, jirani alitoka na redio mkononi, uso umebadilika rangi. Rais aliyechaguliwa alikuwa ameuawa. Kisha habari zikawa za mauaji, kilima kimoja baada ya kingine, na vilima vile wote waliokuwa wamesimama pale walivijua kwa majina.

Sixte alishuka, akakaa juu ya rundo la matofali. Athanasie alikuja akakaa karibu naye.

Siku zilizofuata watu walianza kumjia. Walimwambia kwa sauti ya chini, kwa heshima: Mwalimu, wewe uliona, Mwalimu, una roho ya unabii. Mara ya kwanza aliwapa mgongo. Mara ya pili alipaza sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake.

"Sikuona chochote! Nilitaka Damiano awe sahihi. Mnanisikia? Nilitaka mimi ndiye nionekane mjinga, mwenye nyumba ya matofali na hakuna wa kukaa ndani."

Vitabu hakuvigusa. Nyumba nayo ingebaki kichwa wazi kama si Athanasie, ambaye aliona mawingu yakijikusanya akakata nyasi mwenyewe, akaziburuta mpaka uani, akamwambia, "Panda juu. Wakirudi watahitaji pa kulala." Hakusema "kama wakirudi." Sixte akapanda, akaezeka.

Mvua zilikuwa zimekolea aliyeleta habari alipofika. Alikuwa Othmani, mwuza dagaa wa Kigoma, mtu wa ziwani anayezungusha baiskeli yake vijiji vyote vya Mishamo na kumjua kila mtu kwa deni na kwa utani. Safari hii hakutania.

"Mwalimu, shemeji yako yule mwimbaji nimemwona. Yuko kwenye kambi ya muda upande wa Kasulu, na mkewe na watoto. Wazima, wote. Lakini mwenyewe... haimbi."

"Mana yanje," Athanasie alisema, Mungu wangu, akakaa chini palepale kwenye matope.

Sixte alikwenda kwa mkuu wa makazi kuomba kibali. Akafunga kwenye baiskeli unga, blanketi na sufuria, akashika njia ya Uvinza, akisukuma kwenye matope na kuipanda penye udongo mgumu. Alifika kambini asubuhi moja, baada ya siku kadhaa. Mahema ya plastiki yalikuwa yamejaa bondeni kama uyoga, na moshi umelala juu yake. Aliuliza, akaelekezwa, akauliza tena, mpaka akamwona mtu mfupi amekaa kwenye debe, amewapa watu mgongo.

"Muramu," Sixte alisema.

Damiano aligeuka, akamwona, akainamisha kichwa. "Umekuja kuniambia Yeremia alisema."

"Nimekuja kukuchukua."

"Niliwachukua watu. Familia saba zilinifuata kwa sababu ya neno langu. Wengine hawapo." Akajifunika uso. "Na wewe ulisema Amina. Ulikuwa unanicheka."

Sixte aliilaza baiskeli kwenye tope, akachuchumaa mbele yake, magoti yakilia.

"Sikucheka. Yeremia naye hakumcheka Hanania aliyevunja nira. Nilisema Amina kwa sababu niliitaka ile kona yenye ziwa kuliko chakula. Ungekuwa sahihi, ningekukimbilia. Usininyang'anye Amina yangu, ndugu yangu. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho siku ile."

Damiano alilia kama anavyolia siku zote, bila kujizuia, na safari hii Sixte naye hakutafuta moshi wa kusingizia.

Kuwatoa kambini kulikula wiki za kusubiri na kubembeleza, lakini walitoka. Nyumba ya udongo ya Damiano ilikuwa imeangushwa na mvua, hivyo familia mbili zikaingia nyumba moja ya matofali, bado ikinukia upya, watoto wakalala kichwa kwa miguu, na Helena na Athanasie wakapika chungu kimoja wakigombana kuhusu chumvi. Damiano alilima, akala, akanyamaza. Kanisani alikaa nyuma. Alasiri moja, Sixte akiwa amerudia kigoda chake, Damiano alikuja akasimama karibu, akakitazama kile kitabu kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumwuma.

"Huyo mwenzangu," alisema. "Aliyevunja nira. Aliishia wapi?"

Sixte alisafisha koo. Alitamani ukurasa ule uwe umeliwa na mchwa. "Alikufa, muramu. Mwaka ule ule."

Damiano alifikiri. Kisha kona ya mdomo wake ikatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akacheka, kicheko kidogo kilichokwaruza.

"Basi mimi nimemzidi," alisema. Akavuta debe akakaa. "Haya, soma. Lakini pole pole, na Kifaransa chako kibaki huko huko."

Toka siku hiyo walisoma wawili. Damiano alikuwa msomaji msumbufu. Aliuliza mtaalamu amejuaje, nani alimwambia, na kama amewahi kulala njaa. Mara nyingine Sixte aliandika swali pembeni ya ukurasa kwa penseli, taratibu, kwa sababu kitabu ni cha parokia. Mwaka uliofuata Damiano alijenga yake, hatua thelathini tu kutoka mlango wa dada yake, na sauti yake ikarudi kwenye kwaya, chini kidogo kuliko zamani, lakini ikakaa vizuri na besi.

Mwaka wa tisini na sita Padre Sylvanus alimwita Sixte Mpanda tena, safari hii si kusikiliza bali kufundisha. Aliongozana na Damiano, aliyesema anakwenda kumbebea vitabu. Darasani walikuwa makatekista wa kila upande: Wapimbwe wa Mamba, Wabende wa Kasekese, Wafipa, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka ya karibuni. Sixte aliwafundisha Amosi. Alifika mahali nabii anapowaita wanawake matajiri wa Samaria ng'ombe wa Bashani, akaeleza kwamba Bashani ilikuwa nchi ya malisho mazuri, ng'ombe wake wamenona, na kwamba nabii alikuwa anawatukana wanawake wale kwa uvivu na ulafi wao.

Mkono ulinyooka nyuma. Alikuwa Machibya, Msukuma mkubwa mwenye kofia aliyoivua kwa heshima.

"Mwalimu, samahani. Ng'ombe wenyewe wamenona?"

"Ndiyo."

"Malisho mazuri, maji yapo?"

"Yapo, kitabu kinasema."

"Sasa tusi liko wapi?" Machibya aliuliza kwa dhati kabisa. "Mimi nikimwambia mke wangu hivyo, siku hiyo nachinjiwa kuku."

Padre Sylvanus alicheka mpaka akashika meza. Damiano alikuwa amejiinamia, mabega yanatetemeka. Sixte alisafisha koo, akafungua kitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma, akasoma maandishi madogo ya chini kwa kidole na kwa midomo, darasa zima likimsubiri. Hatimaye akavua miwani.

"Hawa wataalamu hawakufuga," alisema. "Hebu njoo mbele, Machibya, utueleze habari za ng'ombe, halafu tuendelee na Amosi."